Pointi za Gari la Choo

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Kiduchu,

Pokea salamu zangu, nimezifunga vizuri zisimwagike njiani. Sisi huku wazima. Mama mzima, ni macho tu yanamchezea. Juzi aliamkia shuka lililoanikwa kwenye kamba akidhani ni jirani, na akanuna siku nzima kwa sababu halikuitika. Wifi yako mzima, amenenepa. Nikimwambia amenenepa ananuna, nikinyamaza anasema simwangalii siku hizi. Watoto wanakula kama wamekodishwa waje kula.

Sasa nikupe habari yenyewe. Kaka yako nimepata gari. Si lile Kikongwe langu, ambalo tangi lake limetoboka mpaka watu wakinitafuta wanafuata michirizi barabarani. Nasema gari la kunyonya maji taka, gari zima, tangi la chuma kizito, pampu inanguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Limetumika, sikatai, lakini hata wewe ulipoolewa mumeo alikuwa ametumika kidogo. Muuzaji ana yadi kubwa pale nyuma ya karakana za reli. Pamoja na gari ananipa mpira mpya wa kunyonyea, mnene kama paja la mwanamieleka.

Unanijua mimi. Nimefanya kazi melini, nimeuza mitumba, nimepika hotelini, nimefukuzwa sehemu ambazo wengine hata kuingia hawajaingia. Lakini hakuna kazi iliyonifundisha binadamu kama hii. Nimenyonya shimo la hakimu, nimenyonya la tajiri wa saruji, nimenyonya la mganga anayesema yeye hali chakula. Wote ni wale wale, ila tajiri hujaza upesi. Na wewe ada zako zote, tangu darasa la kwanza mpaka ukavaa lile joho na kofia ya pembe nne, zilipita ndani ya mpira wa kunyonyea. Sisemi kwa kukusimanga. Nasema kwa sababu napenda kusema.

Pesa ninazo, zimo ndani ya gunia la mchele ambalo wifi yako anawaapia wageni kwamba lina mchele. Mwisho wa mwezi wa tatu nakwenda kulipa. Nimekuandikia ufurahi.

Kaka yako,
Bomba


Tarehe 27 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nimecheka nikiwa jikoni peke yangu. Mwambie Mama mtoto ameanza kutembea, anashika ukuta kama mlevi. Mume wangu hajambo, yuko na kazi nyingi. Mama mkwe amehamia kwetu kabisa, amechukua chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, ingawa dirisha lenyewe hatulifungui. Ikifika jioni kuna harufu inatambaa uani. Kamati ya mtaa wetu inasema ni maua ya ule mti wa pembeni. Watu wote humu ndani ya geti wanaheshimiana sana, kwa hiyo wote tunasema ni maua.

Kaka, nakuomba usilipe kwa gunia. Nisikilize vizuri. Mimi ninayo kadi ya benki inayotoa pointi. Kila ukinunua kitu kwa kadi wanakuandikia pointi, na pointi zikiwa nyingi unazibadilisha kwa tiketi ya ndege, hoteli, au vitu vya dukani. Tatizo ni kwamba mimi nanunua sabuni na nepi, pointi zinakuja kwa kijiko. Gari lako ni manunuzi makubwa. Na mwezi wa tatu benki inatoa pointi mara mbili kwa manunuzi makubwa.

Weka pesa zako kwenye akaunti yangu. Mimi nitamlipa muuzaji kwa kadi, kwa simu, siku hiyo hiyo. Wewe unapata gari lako kwa bei ile ile, hupotezi kitu, na pointi zitakazotoka zinatosha tiketi ya ndege ya Mama, kuja na kurudi. Amuone mjukuu kabla macho hayajamfungia kabisa. Nimepiga hesabu, zinatosha na kubaki.

Jambo moja dogo. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ni gari la maji. Asiongeze neno lingine. Risiti inakuja kwenye simu ya nyumbani, na hapa simu inashikwa na kila mtu.

Nisalimie wifi.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Kiduchu,

Marahaba, mara elfu. Gari liko uani kwangu. Nakuandikia nimeketi ndani yake, mguu mmoja nje ya dirisha, kama gavana.

Ile siku ulipaswa uwepo. Muuzaji ni mtu mnene, ana feni mbili, moja ya uso na moja ya tumbo. Nilipomwambia mdogo wangu analipa kwa kadi kutoka mji wa mbali, akanitazama tangu viatu mpaka kofia. Akasema, "Wewe mnyonya vyoo, una ndugu mwenye kadi?" Nikamwambia, "Kadi ni moja tu, ndugu, nyingine zote ni za kuchezea." Simu ikalia, mashine ikatema karatasi, mtu akanipa mkono. Palikuwa na kajambo kadogo kakatokea hapo kuhusu mashine yake, tukakamaliza kiume, wala usikatie maneno. Risiti imeandikwa gari la maji kama ulivyotaka. Si uongo. Maji yamo.

Mpira mpya nimeuacha pale kwake kwa sasa. Ule wa zamani una viraka vitatu lakini bado una roho.

Sasa Mama. Nilimwambia habari ya ndege, na nilikosea, ningemwambia siku moja kabla. Ameshautangazia mtaa. Ameshanunua viatu vyenye kamba. Kila jioni anaketi kwenye kiti cha plastiki, anajifunga kitambaa kiunoni, wifi yako anakaa nyuma na kutikisa kiti ili azoee mawingu. Juzi jirani alipita akauliza, mama anaumwa? Mama akajibu bila kufumbua macho, "Usinisemeshe, niko juu."

Tuandikie tarehe ya tiketi. Yeye haniulizi mimi, anaviuliza vile viatu.

Kaka yako,
Bomba


Tarehe 21 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Mtoto alikuwa anaota jino, hakuna aliyelala. Natumaini Mama na wifi hawajambo. Hapa joto limezidi na ile harufu imezidi pamoja nalo. Siku hizi inakuja hata asubuhi. Kamati imeleta mtu wa kuukata ule mti wa maua. Mti umekatwa. Harufu ipo.

Tulisafiri kidogo mwezi uliopita, mimi na mume wangu na mama mkwe, tukakaa hoteli moja ya milimani. Mapumziko tu. Mama mkwe amerudi na mashavu.

Kuhusu pointi, zile hazitoki kama maji ya bomba, zina utaratibu wake. Halafu nimekuwa nikifikiri, kaka. Ndege si nzuri kwa mzee. Masikio yanaziba, miguu inavimba, na mtu asiyeona vizuri anaweza kupotea uwanjani. Labda mwakani, mtoto akishakuwa mkubwa, sisi ndio tuje. Ni vizuri Mama asiwe na haraka.

Nimewatumia kifurushi. Ni chako na wifi. Kazi yako ni ngumu, nimeona kitakufaa.

Mdogo wako


Tarehe 14 Julai

Kiduchu,

Salamu zipo. Watoto wazima, wifi yako mzima, Mama yupo. Sasa tulia usome, maana leo kaka yako nimechefukwa, na mimi si mtu wa kuchefukwa. Mimi nakula mkate mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye kifuniko cha shimo.

Jumanne niliitwa kwenye jumba la mfanyabiashara mmoja wa mbao. Alikuwa na wageni, wamevaa nyeupe, wanakunywa juisi kwenye majani. Shimo limefurika karibu na ngazi, nikaambiwa fanya haraka na usionekane. Vipi gari kubwa namna ile lisionekane, sijui, lakini nikasema sawa bosi. Nikashusha mpira, nikawasha pampu. Kumbuka pampu ni mpya na mpira ni wa zamani, yaani umemuoza kijana mwenye nguvu kwa bibi wa miaka tisini. Mpira ukavimba. Kiraka cha kwanza kikapiga mluzi. Cha pili kikapiga mluzi. Cha tatu hakikupiga mluzi, Kiduchu, kilikwenda.

Sitakueleza yote kwa sababu huenda unakula. Nitasema tu kwamba wale waliovaa nyeupe walipata rangi. Mimi nilipata usoni, mdomo ukiwa wazi, maana nilikuwa katikati ya neno. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijawahi kuionja. Sasa naijua mpaka ladha. Mwenye nyumba hakunilipa, na nilisugua zile ngazi kwa magoti, na mke wake amesimama juu yangu na kitambaa puani akinionyesha penye doa kwa ncha ya kiatu.

Nafika nyumbani, nakuta kifurushi chako. Wifi yako hakuuliza, akafungua chupa akaninyunyizia manukato yote nikiwa bado mlangoni. Mdogo wangu, nilinuka kama mavi yaliyokwenda harusini. Paka alitoka. Mbwa wa jirani alikuja, akafikiri, akarudi.

Halafu wifi yako akaona chini ya boksi kuna karatasi haikubanduliwa. Imeandikwa: Zawadi kwa mteja wetu, imelipwa kwa pointi. Akanisomea mara mbili.

Kumbe pointi zimetoka.

Basi nikwambie kale kajambo kadogo ka yadini. Yule muuzaji alisema anayelipa kwa kadi anaongeza fungu lake juu, kwa sababu benki humkata yeye ada kwa kila malipo ya mashine. Pesa za gunia zilikuwa zimekwisha kuja kwako, mimi mfukoni nina kitambaa cha jasho tu. Nikamwambia baki na mpira mpya, huo ndio fungu lako. Nilijiambia, mpira ni mpira, Mama ni Mama. Sikutaka kukuambia kwa sababu wewe uliandika "hupotezi kitu", na ulikuwa umefurahi. Kwa hiyo zile pointi si za bure. Zilikula mpira wangu, na mpira ukanilisha nilicholishwa.

Sina hasira na mpira. Nakuuliza kitu kimoja na unijibu kama mtu wa tumbo moja na mimi. Tiketi ya Mama iko wapi? Na ile hoteli ya milimani, kule mama mkwe alikookota mashavu, mlilipa kwa kitu gani?

Viatu viko chini ya kitanda chake. Anavifuta vumbi.

Bomba


Tarehe 19 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Hoteli tulilipa kwa pointi. Mume wangu aliziona kwenye simu, akasema zimetoka wapi nyingi hivi, na mama mkwe alikuwa amekaa hapo hapo, akasema tangu amezaliwa hajawahi kulala mahali penye zulia mpaka bafuni. Ningesema nini? Kadi ina jina langu lakini nyumba haina. Niliona aibu kusema ni za Mama, kwa sababu wangeuliza Mama gani, na gari gani, na kaka gani.

Ngoja niseme yote. Hapa wanajua kaka yangu ni mhandisi wa maji. Sikusema hivyo mimi, mume wangu ndiye alisema siku ya kwanza, kwa kunisitiri, na mimi sikukanusha. Mama akija hapa hatakaa siku mbili. Si kwamba Mama ni mbaya. Mama anajivunia wewe kwa sauti kubwa. Atakaa sebuleni, atapewa chai, atasema mwanangu ndiye mnyonya vyoo hodari kuliko wote, na atawaelezea jinsi ulivyomtoa mganga nyoka shimoni. Wewe unajua mama mkwe alivyo? Anaosha chumvi.

Lakini sijamsahau Mama. Nina mpango, usinikasirikie, usome mpaka mwisho. Kamati imekubali hatimaye kwamba si maua. Shimo la mtaa wetu limejaa. Wamenichagua mimi kuwa mweka hazina kwa sababu nina elimu. Kila nyumba italeta mchango wa kulinyonya na kulijenga upya, ni kazi kubwa, bei kubwa. Nitachukua pesa taslimu kutoka kwa majirani, nitalipa kampuni kwa kadi yangu. Pointi zote za shimo zitakuwa za Mama. Safari hii sitamwonyesha mtu.

Naomba usimwambie Mama lolote kwa sasa.

Mdogo wako


Tarehe 8 Septemba

Kiduchu, mtoto wa mama yangu,

Nilisoma barua yako nikiwa juu ya tangi. Nilishuka. Nilikwenda nyuma ya gari nikatema mate, halafu nikacheka mpaka nikaketi kwenye tairi, halafu nikatema tena.

Yaani nielewe vizuri, mimi niliyeishia njiani shuleni. Kaka yako anayenyonya mashimo ni wa kufichwa. Lakini shimo lenyewe, la majirani zako wanaoheshimiana, hilo unalikalia kama kuku anaatamia, likuangulie pointi. Nyani haoni kundule. Mimi nachukua kinyesi cha watu, nakwenda kukimwaga mbali, nakuja nyumbani nimeoga. Wewe unakiweka kwenye kadi.

Waliosema mavi ya kale hayanuki hawajawahi kufungua kifuniko, Kiduchu. Ya kale ndiyo yananuka. Yale mapya bado yana adabu.

Na huyo mhandisi wa maji ni nani? Nimemwonea wivu. Mke wake anampenda? Mpira wake una viraka?

Sikuchukii. Ningekuchukia kazi ingekuwa rahisi. Nakumbuka ulivyokuwa unakuja na mimi kwenye Kikongwe siku za kufunga shule, una miaka minane, unashika mkia wa mpira usitoroke shimoni, unaimba. Wenye nyumba walikupa peremende. Hukuwahi kuziba pua. Nilikuwa nawaambia watu, huyu atakuwa meneja wa vyoo vyote duniani.

Mama nimemwambia. Yote, mpaka mashavu ya mama mkwe wako. Nilidhani atalia. Aliuliza, "Gari lako jipya lina viti viwili?" Nikasema vipo. Akasema, "Basi kulikuwa na haja gani ya ndege?" Akaenda kuchukua viatu.

Tunakuja. Nimekwangua tangi, nimelisugua kwa sabuni na majivu na chokaa, nimelisuuza mtoni chini ya mji mpaka samaki wakalalamika. Wifi yako ameshona vitambaa vya viti. Ni siku tatu njiani, Mama ataketi mbele, atajifunga mkanda wa kweli sasa. Barua hii itatutangulia. Una muda wa kutosha wa kufikiri utasema mimi ni nani. Mchama ago hanyele, mdogo wangu, huenda akarudi pale pale. Hata sisi wenye kazi hii, hasa sisi, tunalijua hilo.

Bomba


Tarehe 30 Septemba, kwa mkono wa mlinzi

Kiduchu,

Tuko getini kwenu. Mlinzi ni kijana mzuri ila amesoma kanuni kuliko mimi. Anasema wageni wanaingia kwa geti la mbele na magari ya choo yanazunguka geti la nyuma. Mama anauliza yeye ni yupi. Nijibu upesi, amebanwa na mkojo.

Bomba


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Kaka, Mama apite mbele, nakuja kumpokea. Mama mkwe ana wageni sebuleni. Wewe zunguka nyuma, ni kwa leo tu, nakusihi. Nitakutolea chakula.


Tarehe 3 Novemba

Kiduchu,

Salamu kutoka nyumbani. Wifi yako mzima, watoto wazima, wanakuulizia. Nimefika salama, njia yote peke yangu, kile kiti cha pembeni kitupu nikawa nakisemesha.

Mpaka leo sijaandika kwa sababu kila nikishika kalamu naiweka chini. Maneno yale ya nyuma ya karatasi nilimsomea Mama kama yalivyo. Nilitaka kuyapunguza makali, hata mdomo nikaufungua, lakini unamjua, anasikia unapomeza mate. Akasema, "Kwa leo tu." Akayarudia kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu akasema, "Zungusha gari. Nimekaa humu siku tatu, sitashuka kwa ajili ya geti."

Kwa hiyo tulivyoingia nyuma unajua mwenyewe, lakini hukuwa kwenye kile kiti, hukuona nilichoona mimi. Mimi nimepokelewa vibaya na watu wa kila aina, wenye hela na wasio nazo. Sijawahi kupokelewa vile. Majirani zako walitoka majumbani kama wamesikia ngoma. Mzee mwenye suruali ya kulalia akanishika mikono miwili, akasema, "Baba, umetumwa na nani? Tumekungoja tangu wakati wa maua." Kulikuwa kumefurika mpaka chini ya kamba za nguo. Yule bibi mwenye shanga za bei, nikajua baadaye ndiye mama mkwe wako, alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, viatu mkononi. Yule yule aliyelala penye zulia mpaka bafuni.

Ningeweza kuondoka. Nilifikiria. Nilijiambia, washa gari Bomba, waache na mhandisi wao. Lakini mtoto wako alikuwa mlangoni anataka kushuka ngazi kuja kwenye lile dimbwi, ameshika ukuta kama mlevi, kama ulivyoandika. Nikashusha mpira.

Nikiwa katikati ya kazi, shemeji akatoka. Tulionana mara moja tu, siku ya harusi, nimevaa suti ya kuazima, kwa hiyo simlaumu. Akaniangalia vile watu wanavyoangalia ukuta, akatoa ile kadi, akasema, "Fundi, unapokea kadi?"

Nimekula vingi mwaka huu, Kiduchu. Hilo lilikuwa gumu kulimeza kuliko lile la kwa mtu wa mbao. Na wewe ulikuwa dirishani jikoni. Nilikuona, na uliniona.

Ni Mama aliyejibu kutoka juu ya kiti chake garini. "Mwanangu hapokei kadi. Kadi ndiyo iliyokula mpira wake." Mama mkwe wako akauliza, mwanao yupi. Mama akasema, "Nina wawili. Huyo ni mmoja." Wala hakukunyooshea kidole. Pampu ikaendelea kunguruma.

Halafu kiraka cha ule mpira wa zamani kikaanza mluzi.

Hapo ndipo uliposhuka. Bado sijui ungesema mimi ni nani. Ulikuja na gauni lako la ofisini, ukapita kwenye dimbwi na ndala, ukakikamata kile kiraka kwa mikono miwili mitupu mpaka shimo likaisha. Uchafu ulikutoka kati ya vidole, ukakupata kifuani, hukuachia. Mumeo alikuwa bado ameshika kadi hewani. Mama mkwe wako akaziba pua, na leso yake niliijua harufu yake nikiwa mbali, ni yale manukato ya kifurushi chako.

Sikukushukuru. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, nimerudi nayo siku tatu, nimeiweka pale penye kiti cha Mama. Mchango wa majirani ulinipa wewe mwenyewe, taslimu, mbele yao wote, nikauchukua, kazi ni kazi. Hukupata hata pointi moja pale. Nilikuona ukioga uani kwa ndoo kama zamani.

Mama ananitumia salamu kupitia simu ya mlinzi. Anasema mama mkwe wako amehama chumba cha mbele, lile dirisha limefunguliwa na sasa anayelala hapo ni yeye Mama. Anasema jioni anawasimulia habari ya mganga na nyoka, na mkweo ameiomba mara ya pili ingawa anajifanya anatazama pembeni. Anasema amemshika mjukuu uso kwa mikono na amemuona vya kutosha. Anasema ndege haitaki tena, nimfuate na gari mwakani.

Jana kumekuja mzigo. Mpira mpya, mnene, haujaguswa, jina lako juu. Wifi yako alitaka tuufunge garini hapo hapo. Nikamwambia ngoja. Niligeuza boksi pande zote nikitafuta ile karatasi ya pointi. Nikaangalia chini, nikaangalia ndani ya mikunjo, nikaupitishia mkono mpira mzima kutoka kichwa mpaka mkia.

Sikuiona. Leo asubuhi nimetafuta tena.

Kaka yako, mnyonya vyoo,
Bomba